Mjafari unaambuliwa hadi kufa

Mhariri mheshimiwa,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niutetee mti ambao haujapata msemaji. Mti wenyewe ni mjafari. Wasomaji wako wengi wa pwani, na wale wa Ukambani wanaouita mukenea, wamewahi kuuona hata kama jina limewatoka: ni kichaka kikubwa, au mti mfupi ambao kwa kawaida hauzidi mita 12, shina lake limejaa nundu ngumu zenye umbo la pia, na juu ya kila nundu umekaa mwiba mweusi uliochongoka. Jani lake ukilifikicha kati ya vidole hutoa harufu ya ndimu, na harufu hiyo ina sababu, kwani mjafari ni wa ukoo mmoja na mchungwa, mlimau na mndimu. Wataalamu wa mimea wanauita Zanthoxylum chalybeum, na jenasi yake, Zanthoxylum, ina spishi zaidi ya 200 zilizoenea Afrika, Asia na Amerika, nyingine vichaka, nyingine miti mirefu, nyingine hata mimea itambaayo. Jina la jenasi limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mti wa manjano.

Nimesukumwa kuandika na jambo nililoliona mwenyewe. Baada ya mvua za vuli nilikwenda kutazama shamba la marehemu mama yangu huku Kaloleni, na kwenye kichuguu kilichoko mpakani nikaukuta mjafari ninaoujua tangu utotoni umeambuliwa gome kutoka chini kabisa hadi mahali mkono wa mtu mzima unapofika, kuzunguka shina lote, bila kuachiwa hata ukanda wa upana wa kidole. Kando yake palikuwa na mashimo mawili ambamo mizizi ilikuwa imekatwa na kubebwa. Majani yalikuwa yangali mabichi, na mpita njia asiyejua angedhani mti ni mzima. Mimi nilifundisha biolojia kwa miaka 31, na nilijua kwamba mti ule hautafika masika ya pili.

Naomba nieleze kwa nini, kwa sababu ninaamini wengi wanaoambua magome hawakusudii kuua. Chakula ambacho majani hukitengeneza kwa mwanga wa jua hakishuki mizizini kwa kupitia moyo wa mti. Hushuka kwa kupitia tabaka jembamba lililoko ndani ya gome lenyewe. Maji nayo hupanda kwa njia nyingine, ndani ya mbao, na ndiyo maana mti ulioambuliwa huendelea kuwa na majani kwa muda na kumfanya aliyeuambua aamini kwamba hakuudhuru. Kumbe mizizi imekwisha kukatiwa riziki. Huishi kwa akiba iliyokuwa nayo, na akiba ikiisha hufa, kisha matawi hufuata. Kinachotofautisha mti utakaopona na mti utakaokufa ni ukanda wa gome uliobaki ukiunganisha juu na chini. Mtu aliyechukua vipande viwili vya upana wa kiganja kutoka upande mmoja wa shina, au aliyekata tawi moja na kuliambua nyumbani, amepata dawa yake na mti umebaki kwa ajili ya atakayeugua mwakani. Aliyezungusha panga shina zima amechukua gome la siku moja na kuwanyima wengine gome la miaka mingi. Mchimbaji wa mizizi ni mbaya zaidi, maana huondoa hata kile kilichoweza kuchipua upya.

Lipo jambo la pili ambalo sijalisikia likitajwa katika mazungumzo yetu kuhusu miti ya asili, nalo kwangu ndilo zito zaidi. Mjafari una mti dume na mti jike, kama ulivyo mpapai. Maua ya kiume hukaa kwenye mti wake na ya kike kwenye mti wake, na wadudu ndio wanaobeba chavua kutoka huku kwenda kule. Maua yenyewe ni madogo, ya manjano yenye kijani, na mtu asipoyakaribia hawezi kutambua tofauti. Kwa hiyo kuhesabu mijafari iliyobaki hakutoshi. Kijiji chenye mijafari mitano iliyotawanyika kinaweza kuwa na madume matano, au jike mmoja aliye mbali na dume kiasi kwamba wadudu hawafiki. Miti hiyo itaonekana hai, itachanua majira yake, na haitaacha hata mche mmoja nyuma yake. Ukiua mti mmoja mahali ambapo miti ni michache, huenda umeufanya mwingine ulioko mbali uwe tasa bila kuugusa. Hatari ya namna hii haionekani kwa macho, na haionekani katika orodha ya miti ya afisa yeyote, kwa kuwa orodha huandika idadi na haiandiki jinsia.

Mti wa mpakani kwetu ulikuwa jike. Nazikumbuka vizuri tunda zake za rangi ya hudhurungi iliyoelekea wekundu, ndogo kama punje ya pilipili manga, ambazo zikikauka hupasuka na kuonyesha mbegu moja nyeusi inayong'aa. Tulizitoboa kwa sindano na kuzitunga kuwa shanga. Mti dume ulioko ng'ambo ya bonde, ambao nao tuliuchunia miswaki, ungali umesimama, na kwa kadiri ninavyojua sasa hauna mwenza.

Sababu ya gome hilo kutafutwa inajulikana. Nyanya yangu mzaa mama alichemsha majani ya mjafari kuwa chai ya mtu mwenye mafua na kikohozi, na kijiti chake kilikuwa mswaki wa nyumba nzima. Ukikitafuna, ulimi na fizi hushikwa na ganzi kidogo, na ganzi ya namna hiyo hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa Amerika Kaskazini wawape ndugu wa mjafari walioko kwao jina la mti wa maumivu ya meno. Gome la shina na la mzizi huchemshwa kwa ajili ya homa ya malaria kutoka huku kwetu hadi Unyamwezi, ambako mti huu huitwa mlungulungu, na hadi Uganda, ambako Waganda huuita ntale ya ddungu. Wamaasai hutia katika supu ya nyama magome ya oloisuki, ambayo ni mjafari na pia ndugu yake wa nyanda za juu aliyepewa jina la kisayansi kutokana na milima ya Usambara. Katika msitu wa Kakamega yupo ndugu mwingine, mti mrefu mwenye miiba shinani, Zanthoxylum gilletii, ambaye gome lake huambuliwa vivyo hivyo kwa ajili ya dawa. Wachunguzi wa maabara wamekuta katika magome na mizizi ya jenasi hii alikaloidi kadhaa, yaani kemikali za mimea zenye nguvu mwilini, miongoni mwake nitidini na kelerithrini, na wameonyesha kwamba nitidini huua vimelea vya malaria ndani ya chupa ya maabara. Basi wazee wetu hawakuwa wakibahatisha.

Hapa sharti niseme jambo kwa uwazi, ili mtu asiisome barua hii na kuielewa kinyume. Simhimizi yeyote anywe gome la mjafari badala ya kwenda zahanati. Kitu kinachoua vimelea ndani ya chupa si lazima kiwe dawa inayofaa mwilini mwa binadamu. Alikaloidi hizo zina nguvu, zinaweza kudhuru, na kikombe cha gome lililochemshwa hakina kipimo ambacho mtu anaweza kukitegemea, kwa kuwa mti mmoja haufanani na mwingine. Mtoto mwenye homa apimwe damu, na akikutwa na malaria apewe dawa mseto siku hiyo hiyo. Nimewahi kumzika mwanafunzi aliyecheleweshwa, na sitaki jina la mti ninaoupenda litumike kumchelewesha mwingine.

Lakini kuwepo kwa dawa za hospitalini hakujapunguza mahitaji ya gome. Zamani aliyeugua alikwenda mwenyewe porini au alimtuma mganga wa kijiji, naye mganga aliujua mti wake, aliuomba, akachukua upande mmoja na kurudi siku nyingine kwenye mti ule ule. Kwa kuwa riziki yake ilitegemea mti kuwa hai, hakuwa na sababu ya kuuua. Siku hizi gome hununuliwa kwa magunia na watu wasioukanyaga msitu, nao hulipia uzito. Kijana anayetumwa halipwi kwa kuacha kitu; hulipwa kwa kile alichojaza gunia. Simlaumu kijana huyo peke yake. Ninasema tu kwamba mpango mzima umewekwa kwa namna inayomlipa zaidi anayeua kuliko anayetunza, na kwamba mpango huo unaweza kubadilishwa na mnunuzi mwenyewe kwa swali moja: gome hili limetoka kwenye tawi, kwenye shina au kwenye mzizi? Kipande cha mzizi hutambulika kwa urahisi, maana hakina nundu za miiba. Anayeuza dawa za mitishamba mjini akikataa kununua mizizi, wachimbaji hawatakuwa na haja ya kuichimba.

Nilipokuwa mwalimu nilizoea kusikia kwamba miti kama hii ni ya porini na haina manufaa ya kuipanda. Nina jibu, nalo linatoka kwa watu wengine wenye ndugu wa mjafari. Wachina hupanda mashamba makubwa ya huajiao, kichaka cha jenasi hii hii chenye miiba na majani yanayonukia, na maganda ya tunda zake ni kiungo ambacho upishi wa jimbo la Sichuan hauwezi kukamilika bila hicho. Ganzi ile ninayoikumbuka kwenye mswaki wa nyanya yangu wao huitafuta kwenye sahani ya nyama. Wajapani wana wao waitao sansho, na Wanepali wana timur, ambao huvunwa milimani na kuuzwa nje. Marekani ilizuia kuingizwa kwa kiungo cha Sichuan kuanzia mwaka 1968, kwa kuhofia kwamba kingebeba ugonjwa wa bakteria unaoshambulia michungwa, na haikukifungulia tena mlango mpaka mwaka 2005. Hata hivyo wapishi waliendelea kukitafuta. Upande wa magharibi wa bara letu, Wayoruba hutumia mzizi wa Zanthoxylum zanthoxyloides kama mswaki, na ni wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria, waliotangaza miaka ya mwanzo ya 1970 kwamba maji ya mzizi huo yalizuia chembe za damu za wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozikunja chembe hizo kama mundu, zisijikunje. Burkina Faso iliendeleza elimu hiyo hadi ikapata dawa iitwayo FACA, iliyotengenezwa kwa mzizi huo pamoja na wa mmea mwingine, kwa ajili ya wagonjwa wa selimundu. Pwani yetu na kando ya Ziwa Viktoria kuna watoto wengi wenye ugonjwa huo. Sidai kwamba mjafari wetu utawaponya. Ninachodai ni kwamba mti uliokwisha kabla haujachunguzwa hauwezi kumponya mtu yeyote.

Wala elimu ya mwanzo haikosekani hapa nyumbani. Ni Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyeandika, mwaka 1982, maelezo ya ukoo mzima wa mchungwa katika mkusanyo mkuu wa mimea ya Afrika Mashariki, akazitenganisha spishi za mjafari moja baada ya nyingine, nyingine zikiwa za ukanda wa pwani pekee. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka Serikali ifikishe eneo lenye miti kuwa angalau asilimia 10 ya nchi, na papo hapo, mstari unaofuata, inaitaka ilinde na kuendeleza maarifa ya jamii kuhusu viumbe hai na mimea yao. Watu husoma mstari wa kwanza na kuuruka ule wa pili. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Nauliza: maarifa ya mjafari yatalindwa vipi ikiwa mjukuu wangu atasoma jina lake katika kitabu na hatapata jani la kufikicha?

Hii inanileta kwenye vitalu vya miche. Nchi imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na ni lengo ninaloliunga mkono kwa moyo wote; nimeshiriki siku za upandaji na nimewapeleka wajukuu wangu. Lakini katika vitalu nilivyovitembelea huku kwetu nimekuta viriba vya mvinje, mkaratusi, mkorosho na mwarobaini, na kila nilipouliza mjafari nilijibiwa kwa kutazamwa. Mvinje naelewa, kwa sababu nguzo zake huuzwa baada ya miaka michache na mkulima ana karo ya kulipa. Ni mwarobaini unaonifikirisha. Huo ni mti wa kutoka Bara Hindi, ukaletwa hapa, ukakubaliwa na kila boma kwa sababu ya dawa yake, hata ukapewa jina la mkilifi kana kwamba ulizaliwa katika kaunti hii. Sina ugomvi na mwarobaini. Umethibitisha kwamba watu wetu wako tayari kupanda mti kwa ajili ya dawa, kuumwagilia maji na kuuachia kivuli chake uani. Basi kilichokosekana kwa mjafari ni mche, si mpandaji.

Huenda mkulima wa machungwa akaniuliza kama mti huu hautamletea wadudu. Swali hilo ni la haki na nitalijibu kwa haki. Yupo kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye kiwavi wake akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege, na akikua huwa wa kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili nyekundu zenye harufu kali. Kila mwenye mndimu amemwona akila majani machanga. Kiwavi huyo alikuwepo kabla machungwa hayajaletwa pwani hii, na chakula chake cha asili ni mijafari na ndugu zake wa porini. Tulipofyeka porini hakubakiwa na pa kwenda isipokuwa bustanini. Ni kweli vilevile kwamba wako wadudu wadogo wanaosambaza maradhi ya michungwa ambao huweza kuishi kwenye mimea ya ukoo huu, na kwa sababu hiyo nisingemshauri mtu aupande mjafari katikati ya michungwa wala kando ya kitalu cha miche ya ndimu. Mahali pake ni mpakani, kwenye vichuguu, kwenye makorongo na kando ya vichaka vilivyobaki. Na kuhusu vipepeo, wasomaji wa Gede hawahitaji kuelezwa na mimi: mradi wa Kipepeo ulioanzishwa huko mwaka 1993 umewawezesha wanakijiji wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga viwavi kwa majani ya mimea ya msituni na kuuza ng'ambo vipepeo walio bado ndani ya vifuko vyao. Mfugaji wa vipepeo wa jamii hiyo hana budi kuwa na mimea ya ukoo wa mchungwa, na kwake jani la mjafari ni lishe ya mifugo.

Tumeyaona yanayotokea tunapongoja. Msandali ulichimbwa pamoja na mizizi katika sehemu kavu za nchi hii hadi Serikali ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa katika orodha ya kimataifa ya mimea ambayo biashara yake hudhibitiwa. Nao pia ni mti wenye dume na jike. Marufuku huja mwishoni, wakati ambapo kilichobaki ni kidogo na bei yake imepanda, na askari wa misitu hulazimika kukesha barabarani wakipekua malori. Sitaki mjafari ufike huko. Misitu ya Kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, ilidumu karne nyingi bila malori kupekuliwa, kwa sababu wazee waliweka masharti ya nani anakata nini na wapi, na kila mtoto aliyajua. Wazee hao wangalipo. Ningefurahi kuona wameitwa katika mikutano ya misitu ya kaunti ili waseme, nasi tuwasikilize, badala ya kuitwa kufungua mkutano kwa dua na kisha kuachwa wakae kimya.

Yapo mambo ninayoomba yafanyike mwaka huu, na hakuna lililo gumu. Taasisi ya utafiti wa misitu, ambayo ina kituo chake Gede, ikusanye mbegu za mijafari ya pwani kutoka kwenye miti mingi na si mmoja, na ivipe vitalu vya wanawake na vya vijana mbegu hizo pamoja na maelekezo ya kuziotesha, kwa kuwa hazioti kirahisi. Maafisa wa kaunti wanaotoa vibali vya mazao ya msitu wakatae mizigo ya mizizi. Waganga na wauzaji dawa, ambao najua wana vyama vyao na wanaheshimiana, wakubaliane kwamba shina halizungushwi. Shule nazo zina kazi. Darasa la sayansi lililoko karibu na mjafari mmoja linaweza kuutazama unapochanua, kwa kioo cha kukuzia, na kuandika kama ni dume au jike, na orodha ya shule 20 za wilaya moja ingetuambia kitu ambacho leo hakuna ofisi inayoweza kutuambia: majike yako wapi, na dume lililo karibu nayo liko umbali gani. Nilipokuwa kazini sikulifanya jambo hilo, na ni jambo ninalolijutia kila ninapopita kwenye ule mpaka.

Siku niliyoukuta mti wa mama umeambuliwa, niliokota chini yake mbegu zilizokuwa zimedondoka, nikapata 60 zilizokuwa nzima. Mbegu hizo zina mafuta mafuta juu ya ganda lake, na ganda lenyewe ni gumu, hivyo maji hayaingii upesi. Nilizisugua kwa majivu na maji ya uvuguvugu hadi mng'ao ukapungua, nikazilaza usiku kucha ndani ya maji, nikazitupa zilizoelea, na zilizobaki nikazifukia katika mchanga uliochanganywa na udongo wa kichuguu. Nilingoja muda mrefu hadi mke wangu akaniambia nivitumie viriba vile kwa mchicha. Zimeota 11. Miche imefika urefu wa shibiri moja, na tayari ina miiba.

Mwenye kutaka kujifunza namna nilivyoiotesha anakaribishwa, na miti yangu ikizaa, mbegu zitakuwa za bure kwa shule yoyote itakayoziomba. Lakini mche wa mjafari hautambulishi kama ni dume au jike mpaka siku utakapochanua, na siku hiyo huenda nisiwepo. Kwa sababu hiyo, masika haya nitaipanda yote 11 pamoja, hatua chache kutoka mmoja hadi mwingine, kwenye kichuguu kile kile.

Mwalimu mstaafu wa biolojia,
Kaloleni, Kilifi